Sahihi ya Namba Arobaini na Moja

"Mtambo wa makaa ya mawe hautajengwa hapa," alitangaza Redio, shuka la kinyozi limemfunga shingoni na nusu ya kichwa tayari ni kipara. "Na wa kuuzuia ni mimi. Sihitaji jiwe wala panga. Kalamu moja tu ya buluu."

Kinyozi aliisimamisha mashine hewani. "Kalamu yenyewe unayo, au nikuazime?"

Toroli, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, alicheka mpaka akajipiga paja. Yeye jina lake lilitokana na kazi: ndiye aliyesukuma magunia ya chumvi kutoka majarubani, kwenye vidimbwi vya kukaushia maji ya bahari, hadi barabarani. Redio naye hakubandikwa lake bure. Alikuwa hazimiki, na betri zake hakuna aliyejua zinauzwa duka gani.

Hapo hapo umeme ukakatika. Mashine ikakoroma, ikanyamaza.

"Haya, mzuia mitambo," alisema kinyozi. "Nenda nyumbani na hicho kichwa. Ndiyo maana mimi nautaka huo mtambo, tena uje jana. Wateja wangu wanatembea barabarani kama ramani."

Mji wenyewe ulikuwa umegawanyika kama kichwa kile. Wenye saluni, mafundi wa kuchomelea, wenye mafriji, na vijana waliochoka kukaa vibarazani walisema mtambo uje. Wavuna chumvi walisema usije kabisa, kwa sababu ulikuwa unakuja juu ya migongo yao. Tanuri lingekaa penye ghala lao, na majaruba yao mia mbili na sita yangegeuzwa bwawa la kumwagia majivu. Hakuna aliyepiga hodi kuwauliza. Waliona tangazo tu kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku thelathini, likiwa na sahihi zisizopungua mia moja na arobaini za wenye majaruba.

Siku ishirini zikaishia kwenye kubishana. Siku ya ishirini na moja, mwenyekiti wa wavuna chumvi alimwita Redio ghalani, akamkabidhi karatasi saba zenye mistari. Mwenyekiti huyo alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, mwanamke mrefu ambaye akikutazama unakumbuka kila kitu ulichowahi kuvunja.

"Una mdomo na una mwandiko," alimwambia. "Mdomo tumeshauona. Sasa tuonyeshe mwandiko."

"Shangazi, utauona mpaka uombe miwani."

"Nisikilize. Mlango kwa mlango. Mtu asome, asiyejua asomewe, kisha atie sahihi kwa mkono wake. Chini ya kila karatasi nitatia yangu mimi, kwamba nimeshuhudia. Sitakufuata nyuma, maana wewe ni mtoto wa kaka yangu. Usije ukaniaibisha."

"Mimi nikuaibishe? Labda wiki ijayo. Wiki hii nina kazi."

Shangazi alimpiga begani kwa daftari la majaruba, akacheka, akamwachia na lile daftari amsaidie kujua nani anakaa wapi.

Daftari lile lilikuwa na mambo yake, na mgeni angelisoma angepotea. Kwa wavuna chumvi, jaruba halibadilishi jina. Aliyelichimba kwa mara ya kwanza ndiye mwenyewe, milele na milele, hata akishazikwa. Mjane akivuna, mtoto akivuna, kwenye daftari anaandikwa mchimbaji. Kwa hiyo ungemsikia mtu mzima anasema bila hata kupepesa, "Mzee Pole leo kavuna magunia sita," na huyo Mzee Pole ana miaka minne kaburini. Toroli alizoea kusema huku ndiko mahali pekee ambapo marehemu wanafanya kazi kuliko vijana.

Mzee Pole alikuwa baba yake Redio. Jaruba lake lilikuwa namba arobaini na moja. Aliyekuwa akikokota reki humo kila siku, miguu ndani ya maji ya chumvi mpaka visigino vikapasuka kama tope la kiangazi, ni mama yake.

Redio akaanza kazi kwa moto. Tatizo ni kwamba hakuweza kufika mlango wa mtu, akachukua sahihi, akaondoka. Kwanza aliigiza sauti ya wakili wa kampuni. Halafu aliigiza tanuri litakavyokohoa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, wakamwongezea chai, wakamwita na majirani waje wasikie tena tangu mwanzo. Sahihi moja, vikombe viwili. Jioni ya siku ya nane ya kuzunguka alizihesabu, akapata sitini na mbili.

Jioni hiyo alimkuta mama yake uani, miguu ndani ya beseni la maji baridi, mapajani amepakata kalenda ya mwaka uliopita.

"Mbona mimi hujaniletea karatasi?" alimuuliza.

"Karatasi gani, mama?"

"Ya kuukataa mtambo. Wenzangu wa upande wa barabarani wote wametia." Akaigeuza kalenda. Nyuma ya mwezi wa tatu, nyuma ya mwezi wa nne, mpaka nyuma ya mwezi wa nane, kulijaa kitu kimoja kilichoandikwa kwa shida, kikinyooka kidogo kidogo kadiri miezi ilivyokwenda. Mama yake maisha yake yote alikuwa mtu wa dole gumba. Mwaka ule alikuwa amejiunga na darasa la watu wazima, mara mbili kwa wiki, na Redio alimtania sana kuhusu sare na kengele. "Nimefanya mazoezi. Hii ya mwisho nzuri, siyo?"

"Nzuri kuliko ya waziri."

"Basi niletee nitie."

Redio aliangalia kando. Karatasi zilikuwa mfukoni mwa nyuma, lakini akizitoa mama yake angeona mistari mitupu. "Ziko kwa Shangazi. Halafu wewe ni wa nyumbani, mama. Ulishahesabiwa zamani."

"Kuhesabiwa na kutia mwenyewe ni vitu viwili," alisema mama yake, akaikunja kalenda taratibu, akaifuta tone la maji lililoirukia.

Kesho yake, siku ya mwisho, Redio alijifungia kwenye chumba cha mizani ghalani, komeo ndani. Alikuwa na daftari, kalamu tatu na mchana mzima. Alijiambia maneno ambayo yeyote kati yetu angejiambia: hawa watu wote wanaukataa mtambo, nani asiyejua? Mimi sibuni neno, ninawafupishia safari tu. Akaanza na namba ya kwanza ambayo hakuwa ameifikia, akawa anashuka na majina kama yalivyo daftarini.

Na lazima isemwe, alikuwa na kipaji. Sahihi za wazee alizitetemesha. Za wanawake waliosoma zamani alizipinda nyuma. Akabadili kalamu, akabadili mkono, akavua shati kwa joto, akapiga na mluzi. Alikuwa anafurahia kama mtoto aliyepewa chaki. Alipofika namba arobaini na moja, mkono ulikwenda wenyewe. Hakuufikiria hata kidogo. Ile ilikuwa sahihi aliyoijua kuliko yake, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kujifunga kama kamba ya ndoo. Alianza kuiiga kidato cha kwanza, ripoti za shule zilipoanza kuwa na habari mbaya, na hakuwahi kukamatwa. Mkono ukapita, ukaenda arobaini na mbili.

Saa kumi na moja jioni Shangazi alikuja kuzichukua. Alikuwa ametoka jarubani, macho mekundu kwa mwanga wa chumvi. Akazipindua karatasi saba moja moja.

"Wote?"

"Wote, na chenji juu."

Hakusoma. Aliinama juu ya mizani akatia sahihi yake mara saba, polepole, kama anayelisha mtoto.

Wiki iliyofuata jopo la kusikiliza mapingamizi lilikaa kwenye ukumbi wa shule. Wavuna chumvi walijaa mbele, wenye saluni na mafundi nyuma, na katikati wakaacha mstari mzima wa viti vitupu. Mama yake Redio alivaa nguo yake ya kutokea. Kinyozi alimpungia Redio mkono akampa ishara ya kalamu. Redio akampungia kama mgombea.

Wakili wa kampuni hakufanana na yule aliyekuwa akiigizwa milangoni. Alikuwa na sauti ndogo na adabu nyingi. Alisimama na karatasi saba, akasema hana maneno mengi, angependa tu kuwasalimu waliotia sahihi.

"Namba saba yupo?"

"Huyo keshafariki, Mungu amrehemu!" akajibu mtu kwa furaha kutoka mbele. "Lakini jaruba lake lipo, na linavuna vizuri mno!"

Watu wakacheka. Wakili naye akatabasamu. "Namba kumi na tisa?"

"Naye marehemu. Anavuna mjukuu."

"Ishirini na nane?"

"Huyo tulimzika mwaka wa mvua nyingi."

Walikuwa wanamsaidia. Ndivyo walivyodhani. Mgeni kauliza habari za majaruba, nao wanamweleza, kila mmoja akitaka kuwahi kabla ya mwenzake. Redio peke yake ndiye aliyekuwa anasikia kinachojengwa pale. Mgongo wake ukaanza kuloa.

"Namba arobaini na moja?"

Mama yake akasimama, akajifunga vizuri mtandio. "Huyo ni mume wangu. Amefariki miaka minne sasa. Jaruba nalivuna mimi."

"Pole sana, mama," alisema wakili, na alionekana kumaanisha. "Alitia sahihi Jumanne iliyopita."

Kicheko hakikuja. Mama yake alibaki amesimama, anamtazama wakili, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni wake nje ilhali anajua hakuna. Kisha akaketi.

Walifika marehemu ishirini na watatu. Mkuu wa jopo alivua miwani, akauliza nani aliyeshuhudia hizi sahihi. Shangazi akasimama.

"Uliwaona wakitia?"

Shangazi aligeuza kichwa mpaka mstari wa tatu. Redio alikuwa anatazama darini. Kulikuwa na feni yenye mapanga mawili, la tatu limekatika, naye akayahesabu, akayahesabu tena. Jina la Redio lingemtosha Shangazi. Neno moja tu, tena fupi, na mzigo ungeshuka mabegani mwake.

"Sahihi za chini ni zangu," alisema Shangazi. "Kosa ni langu."

Pingamizi likatupwa lote, na wazima wakatupwa pamoja na wafu. Siku thelathini zilikuwa zimekwisha.

Usifikiri Redio alilala vizuri. Lakini asubuhi kulikucha, na asubuhi ina kinyozi.

"Sasa vipi, kalamu iliishiwa wino?" aliuliza kinyozi.

Angeweza kusema ukweli pale pale, shuka shingoni, akatukanwa, ikaisha. Badala yake alisema, "Mkononi kwangu zilitoka safi. Zilikolala baada ya hapo, waulizwe wenye nyumba." Alitamka kidogo tu, kama mtu anayetema mbegu. Kinyozi akasema, "Aaah," kwa sauti ndefu. Na saluni ya kinyozi si mahali pa kuacha neno dogo.

Kufikia Ijumaa, Shangazi alikuwa ameonekana ndani ya gari la kampuni. Kufikia wiki ya pili alikuwa ameahidiwa nyumba. Gari hilo hakuna aliyelijua rangi, na nyumba hiyo hakuna aliyeijua mtaa, ila wanawake waliokuwa wakipanga ndoo pamoja naye bombani walianza kusogeza zao kando. Yeye hakukana wala hakukubali. Akawa anachota maji mchana, wakati wa jua kali, ambapo hakuna foleni.

Siku moja alikuja nyumbani kwao. Redio alikuwa chumbani, akamsikia kupitia pazia. Hakutaka hata kuketi. Alikuwa ameleta reki ya zamani ya Mzee Pole iliyokuwa ghalani, kabla ghala halijavunjwa.

"Kijana hajambo?" aliuliza.

"Hajambo wifi. Yumo ndani. Nimwite?"

"Mwache tu. Mwache apumzike."

Redio alishika pazia kwa vidole viwili, na hakulifungua. Mpaka leo hajui kama alikuwa anajizuia asitoke au alikuwa anasubiri aitwe.

Matingatinga yakaja. Yakaanza na majaruba ya upande wa barabarani, yakasukumia udongo mwekundu juu ya chumvi nyeupe. Toroli, ambaye sasa hakuwa na gunia la kusukuma, alipata kazi ya kusimamisha nguzo za uzio. Alijisifia wiki nzima kabla ya kuanza. Kazi ikadumu siku nne, uzio ukaisha, akajikuta yuko upande wa nje. "Angalau nimeusimamisha wima," alimwambia Redio, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza hawakupata la kucheka.

Mama yake alivuna mpaka siku ya mwisho. Alikuwa anakokota reki namba arobaini na moja huku tingatinga liko arobaini na tano.

Kabla ghala halijavunjwa, wavuna chumvi walifanya mkutano wa mwisho, wagawane vifaa na kupokea funguo kutoka kwa mwenyekiti. Walikaa juu ya magunia matupu. Karatasi saba zilizorudishwa na jopo zilikuwa juu ya mizani, zimebanwa na jiwe. Shangazi alisimama karibu na mlango, funguo mkononi, kama mpangaji anayehama.

"Funguo tutazipokea," alisema mzee mmoja aliyemjua tangu msichana. "Lakini kwanza atwambie alituuza kwa nani."

Shangazi alizigeuza funguo kiganjani. Watu wakanung'unika. Mtu akasema, "Redio si ndiye aliyezunguka? Aseme yeye."

Redio akasimama. Alipoona nyuso zote zimemgeukia, ule ugonjwa wake ukampanda. Akapanua mikono. "Ndugu zangu, mimi nilipita mlango kwa mlango mpaka soli zikaniaga. Kila mtu alitia kwa mkono wake, mbele ya macho yangu haya mawili. Nilikabidhi karatasi safi. Hao marehemu walipandia njiani." Mtu mmoja akaguna kucheka. Redio hakumtazama Shangazi. Alitazama funguo.

"Naomba kuiona ya mume wangu," ilisema sauti kutoka nyuma.

Mama yake alikuja mbele. Aliondoa jiwe, akapitisha kidole kwenye namba, polepole, akizisoma kwa midomo kama alivyofundishwa darasani. Thelathini na tisa. Arobaini. Akasimama. Akaifuata sahihi ya arobaini na moja kwa kidole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Ni yake kabisa," alisema mwishowe. "Mpaka na huu mkia."

"Si nilisema?" Redio aliwahi. "Hao kampuni ni wajanja, mama. Wameitoa kwenye makaratasi ya zamani."

"Makaratasi gani?" Mama yake hakupandisha sauti. Alikuwa anamuuliza kama anayeuliza chumvi iko wapi. "Ghala hili lina dole lake tu. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia miaka miwili kabla hajafa, na shughuli za hapa zilianza kuandikwa mwaka ule ule. Wazee mpo, mlimshika wenyewe dole mkalibonyeza kwenye wino. Sahihi hii ilikufa kabla yake."

Mzee yule akakubali kwa kichwa. Kweli. Alikuwa amelishika.

"Tangu mkono ulale, nimeiona tena mara moja tu." Akafungua kipochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, akailaza kando ya ile nyingine juu ya mizani. Ripoti ya shule, kidato cha tatu. Hisabati, kumi na nne. Chini, kwenye mstari wa mzazi, mkia mrefu unarudi nyuma na kujifunga kama kamba ya ndoo. "Niliikuta chini ya godoro lako. Nikampelekea baba yako kitandani, nikamwambia mfundishe adabu mwanao."

Shangazi pale mlangoni alikuwa amefumba macho.

"Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaitazama. Akacheka. Alicheka mpaka chozi likamtoka, la jicho moja, lile zima. Akaniambia mtunzie, huyu mtoto amenirudishia mkono wangu. Nami nikaitunza." Mama yake aliichukua kalamu iliyokuwa juu ya mizani, akaitazama, akairudisha bila kuandika kitu. Karatasi haikuwa na mstari wake. "Mwenzangu alipata la kucheka. Mimi, mwanangu, niambie nianzie wapi."